Maziwa ya Kuosha Kifua

Ndugu zangu mnaojenga Kampala, nisikilizeni, ingawa sistahili kusikilizwa. Mimi Kidega, msimamizi wa mafundi, nasimulia haya uso nimeuinamisha.

Jumapili moja tulikuwa Namuwongo, nyumbani kwa mdogo wangu Ojara, tukila malakwang, mboga yetu ya majani iliyoungwa karanga, na viazi vitamu. Ojara alikuwa fundi chini yangu, wa kukata mawe ya graniti, yale yanayowekwa juu ya makabati ya jikoni. Alikuwa akiwachekesha watoto wake kwa kuiga treni, mara kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka sahani ikamponyoka. Watoto walidhani bado anaigiza, wakaendelea kucheka.

Mkewe, Aber, akanigeukia. "Shemeji, kikohozi hiki kina miezi mitatu. Si vumbi la kazini?"

"Vumbi gani? Mpe maziwa," nikamjibu. "Maziwa yanaosha kifua."

Mnaijua hiyo desturi yetu. Tunashinda kwenye vumbi, jioni tunagawiana maziwa, basi tunajiona tumepona! Aber akamimina maziwa yote ya watoto kwenye kikombe kimoja, akampa mumewe. Nikamtazama akinywa.

Nilinyamaza huku najua. Mhandisi wetu, Mama Huguette, alikuwa ametufundisha waziwazi: jiwe likatwe kwa maji, na anayekata avae barakoa ya kuchuja vumbi, maana vumbi lile laini la mawe, liitwalo silika, huingia ndani kabisa ya mapafu na halitoki. Alituachia mpira wa maji na katoni nzima ya barakoa. Alipohamishiwa jengo lingine, nikavifungia vyote stoo. Maji yalileta matope, matope yalichelewesha kazi, nami nilitaka sifa ya kumaliza mapema. Ojara alipoomba barakoa, nilimkejeli mbele ya wenzake: "Umekuwa bibi harusi, unataka shela?" Wakaangua kicheko. Hakuomba tena.

Miezi ikapita. Ojara akawa hawezi kupanda ngazi hata za ghorofa ya kwanza bila kukaa chini. Aber akampeleka hospitali, nami nikafuatana nao. Daktari aliitazama picha ya kifua kwa muda mrefu.

"Unafanya kazi gani?"

"Nakata mawe."

"Mnatumia maji?"

Ojara akanitupia jicho, kisha akasema, "Hapana, daktari. Kosa ni langu. Mimi ndiye sikuyataka maji."

Jamani! Mtu niliyemwangamiza alikuwa ananisitiri.

"Mapafu yamejaa makovu," daktari akasema. "Tutakusaidia kupumua, lakini makovu hayafutiki. Mawe usikate tena."

"Na maziwa?" Aber akauliza. "Nimekuwa nikimpa kila siku."

"Maziwa yanakwenda tumboni, mama. Vumbi liko kwenye mapafu."

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nikasema yote: mpira wa maji, katoni ya barakoa, hata ule mzaha wa shela. Nilitamani Aber anipige. Hakunipiga, wala hakulia. Alinyoosha mkono tu.

"Ufunguo wa stoo uko wapi?"

Nikampa. Akamwacha mumewe kwa muuguzi, akaenda moja kwa moja kwenye jengo letu, nami nikamfuata. Mafundi wanane walikuwa wanakata mawe makavu saa ile ile, weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Akazima mashine, akafungua stoo, akawavalisha barakoa mmoja mmoja kwa mikono yake. Mimi nilibaki getini. Niliona haya kuingia.

Funzo

Maziwa hayaoshi mapafu, hata unywe ndoo nzima. Jiwe, kigae na zege vikatwe kwa maji. Vaa barakoa inayobana vizuri usoni, si kitambaa. Vumbi usilifagie kavu, limwagie maji kwanza. Nawe msimamizi mwenzangu, ukiwa na vifaa vimefungiwa stoo, nenda ukavitoe leo. Matope yanaoshwa; makovu ya mapafu hayafutiki. Mdogo wangu leo hutoka kitandani hadi mlangoni kwa kupumzika mara mbili, na bado akiniona ananiita kaka.