Yuliana na Pedeli za Kunasa

Jumamosi asubuhi Yuliana alikuwa na kawaida ya kufua sare yake, kunywa uji na kwenda uwanjani Kilakala. Huko Kocha Rahel aliwafundisha watoto kwa ajili ya mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Jumamosi hii walianzia dukani kwa Mzee Noordin, fundi wa baiskeli. Yuliana na mwenzake Hidaya walikuwa wamechaguliwa kushindana, na walihitaji pedeli za kunasa.

"Shikamoo, babu," walisema wasichana.

"Marahaba, wajukuu. Tazameni." Mzee Noordin aliweka jozi mbili mezani. "Kiatu chake kina kibati chini ya soli. Ukikanyaga, pedeli inakinasa, mguu hautelezi. Hizi ndogo zinamfaa anayeanza, na viatu vyake unaweza kukimbia navyo ukishuka. Hizi pana ni za waliozoea barabara. Zinashika kwelikweli. Mmewahi kuzitumia?"

"Mimi sijawahi," alisema Hidaya, akachukua ndogo.

Yuliana hakutaka kuonekana mshamba. "Mimi nimewahi, kwa binamu yangu Dodoma. Nipe hizo pana."

"Nilegeze springi, mguu utoke kwa urahisi?"

"Usilegeze, babu. Nimezoea."

Kocha Rahel, aliyekuwa amewaleta, alifurahi. "Basi Hidaya atabaki uwanjani ajifunze kwenye nyasi na kaka Nasibu, msaidizi wangu. Yuliana, sisi twende barabarani."

Yuliana alitamani kusema ukweli, lakini Hidaya alikuwa akimtazama. Akavaa viatu vipya huku Mzee Noordin akifunga pedeli.

Walishika barabara ya Kingolwira, Yuliana mbele, kocha nyuma kwa baiskeli yake. Ta! Mguu wa kushoto ulinaswa. Ta! Wa kulia nao. Baiskeli ilikwenda kwa kasi ya ajabu. Baada ya muda alijaribu kuinua mguu. Haukutoka. Akavuta kwa nguvu. Wapi! Jasho lilimtoka, na halikuwa la joto.

"Yuliana, tusimame tunywe maji!" kocha aliita.

"Mimi sijachoka, Kocha!"

Koo lilikuwa limemkauka na mapaja yalimwaka moto, lakini akisimama ataanguka, na akianguka uongo wake utajulikana. Aliendelea kukanyaga. Milima ya Uluguru ilikuwa pale pale kulia kwake, kana kwamba hakuwa akisogea.

Ndipo akaona mbele mafundi wa barabara wameinua kibao chekundu. Malori yalikuwa yamesimama kwenye foleni, na mengine yalikuwa yakija upande wa pili. Hapakuwa na pa kupita.

"Kocha!" Yuliana alipiga kelele. "Miguu haitoki! Nilidanganya, sijawahi kuzitumia!"

Kocha Rahel alikanyaga kwa nguvu zote, akamfikia. "Kata kushoto, ingia kwenye nyasi! Breki taratibu! Sukuma kisigino nje, usivute juu!"

Yuliana alisukuma, lakini springi zilikuwa zimekazwa mno. Baiskeli ilisimama, ikayumba, ikamwangusha nyasini na kumlalia. Kiwiko kilichubuka. Hata hapo chini miguu yote miwili ilibaki imenaswa, naye akalia kwa hofu mpaka kocha alipofungua mikanda ya viatu na kuichomoa miguu yake.

"Mbona hukuniambia nilipokuita tunywe maji?" kocha aliuliza, akimfuta vumbi.

"Niliona aibu, Kocha. Nilikuwa nimeshasema najua."

Siku hiyo hiyo walirudi dukani wakabadilisha pedeli, na Mzee Noordin akalegeza springi. Jumamosi zilizofuata Yuliana alijifunza kwenye nyasi pamoja na Hidaya, akitoa kisigino nje na kukirudisha, hadi miguu ikazoea. Wenzake walipouliza kuhusu kidonda cha kiwiko, aliwaeleza yote bila kuficha.

Kocha Rahel aliwakusanya watoto. "Kutojua si kosa," alisema. "Hidaya alisema hajui, akafundishwa. Yuliana alificha, nami sikuweza kumsaidia ingawa nilikuwa nyuma yake njia nzima. Aliposema ukweli tu, nilijua la kufanya. Kwa hiyo semeni mapema, hata kama mnaona aibu."