Mchezo Ulioniita Kahaso

Kahaso, mjukuu wangu, alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuuza simu na redio katika duka la Bhavesh mjini Malindi, na hiyo ndiyo iliyomlisha. Ya pili ilikuwa kukaa mbele ya runinga yangu hapa Matsangoni kila Jumamosi, siku yake ya mapumziko, akicheza michezo ya runinga na kuisifu kwenye simu ili watu wa mbali wamsikie. Si ile michezo ya mpira ambayo vijana wanaigombania kibandani barabarani. Yeye hutafuta iliyodharauliwa. Alikuwa na mmoja wa kuchunga mbuzi jangwani. Alikuwa na mwingine wa mzee anayewashia meli taa kisiwani. Anawasha taa, basi, hakuna la zaidi. Huo aliulilia. Machozi, nakwambia, kwa ajili ya taa.

"Hawe," huniambia, maana ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi, "kuna michezo mizuri imekufa bila mtu kuijua, kwa sababu tu haina bunduki wala kelele."

"Kuna na wanaume wazuri waliokufa hivyohivyo," humjibu, "na sijaona ukiwapigia video."

Tunatukanana tupendavyo, kwa kuwa mjukuu wa kike kwetu ni mke mwenza. Tena huyu ni somo yangu. Mwanangu Ngumbao alimpa jina langu kama desturi inavyotaka, basi mimi Kahaso na yeye Kahaso. Ila jina alilichukua lote. Mimi nimebaki Hawe, nimebaki Mama Ngumbao, na dukani nimebaki Nyanya. Mume wangu alikufa mwaka wa kumi na mbili sasa, na tangu siku hiyo hakuna kinywa kilichoniita Kahaso. Sisemi ili unihurumie. Nasema ili ujue kosa lilipopitia.

Jumamosi hiyo ilikuwa Jumamosi kama nyingine. Saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, kuku wamelala chini ya gari bovu la jirani. Kunde zangu zilikuwa zinachemka, nami nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Kahaso akaja jikoni na kasha la sidi lililopauka mpaka maandishi yametoka.

"Bhavesh amenipa bure. Imekaa dukani miaka na miaka, hakuna aliyeitaka. Babake tu ndiye aliyewahi kuijaribu."

"Babake yule aliyepooza?"

"Huyohuyo."

Mzee Tribhovan, mwenye duka wa zamani, alikuwa na mwaka wa tatu kwenye kiti, macho wazi, hasemi, hageuki. Madaktari walisema ni kiharusi.

"Basi ni mchezo mzuri sana huo," nikasema. "Unapoozesha."

Akacheka, akaenda zake sebuleni. Nikamsikia akiwasalimu watu wake wa kwenye simu. Nikamsikia akisema mchezo unamtaka aandike jina, naye anaandika jina lake. Kisha pakawa kimya, nami nikaendelea na nazi yangu.

"Kahaso."

Sauti ilitoka sebuleni. Ilikuwa ya mtu mzima, ya adabu, kama ya mgeni aliyetembea safari ndefu na amefurahi kufika.

Mama yangu alinifunza kwamba ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike mpaka mara ya tatu. Miaka sabini nimelishika hilo. Lakini nimekwambia, miaka kumi na miwili sijaitwa.

"Abee!" nikaitika. Haraka, kama bi harusi.

Kunde zikaacha kuchemka. Moto ulikuwa unawaka chini yake.

Nikainuka kwenda sebuleni. Mlango wa jikoni kwangu unatokea sebuleni, umetokea huko tangu nyumba ijengwe. Nikaufungua, nikaingia chumbani kwangu. Kitanda changu, chandarua changu, kalenda yangu ukutani. Nikasema jua limeniingia kichwani. Nikafungua mlango wa pili ili nitoke. Chumbani kwangu. Kitanda, chandarua, kalenda. Nikaitazama kalenda vizuri. Ilikuwa na majina ya miezi, haikuwa na tarehe hata moja.

Nyumba yangu ina vyumba vitatu na jiko. Nilifungua milango tisa.

Wa kumi sikuufungua mimi. Mkono wangu uliinuka wenyewe, ukashika kitasa. Miguu ikaenda. Nikaiambia simama. Ikaenda. Kulia. Kushoto. Kulia tena. Halafu nikaruka. Mimi! Magoti yangu ni mabovu hata kanisani naruhusiwa kusali nimekaa, nikaruka juu kama chura, mara tatu, bila sababu. Nikataka kupiga kelele. Mdomo haukufunguka.

Ndipo nikamsikia mke mwenzangu. Sauti yake ilitoka juu, nyuma ya dari.

"Mnaona, marafiki? Anaruka pia. Mhusika wetu ni bibi kizee. Ni mchezo wa zamani, sura haionekani vizuri, lakini tazameni leso ilivyochorwa. Nasikia walioucheza waliuponda kwa sababu mhusika ni mzito, anakwenda kama kobe. Mimi nasema hapo ndipo uzuri ulipo. Unausikia uzee wenyewe."

Uzee wenyewe. Nilimtukana moyoni matusi ambayo sitayaandika.

Akanipeleka kwenye korido. Kwangu hakuna korido. Hii ilikuwa ndefu, ina rangi ya kuta zangu, kijani chini na nyeupe juu, na pande zote mbili walisimama watu. Walielekea ukutani, pua zimegusa plasta. Wazee tu, wake kwa waume. Hawakuwa wafu, maana mabega yao yalikuwa yanapumua.

Kahaso akanisimamisha kando ya mmoja, mzee wa Kihindi mwenye shati jeupe lililochomekwa vizuri. Nikamjua. Nimenunua redio kwake mara mbili.

"Dada," akanong'ona, bila kugeuza uso. "Najua huwezi kujibu. Mwenye mchezaji ana miguu, hana ulimi. Sisi tulioachwa tuna ulimi, hatuna miguu. Nisikilize. Akizima, utakaa hapa nami."

Juu, Kahaso alikuwa anasifu rangi ya kuta.

"Mtu wa nje akikuita jina lako, ukaitika, unatoka. Jina lako, si lingine. Sauti hii ilituita kwa majina, ndiyo maana tukaja. Vijana hunaswa hapa siku moja tu, mama zao wakawaita chakula, wakatoka. Wazee hukaa. Nani huita mzee jina? Mimi nyumbani ni Bapuji, yaani Baba. Mke wangu hajalitamka jina langu miaka hamsini, kwa heshima."



"Nilitaka tu kujua kwa nini sidi hii hainunuliki," akasema.

Miguu yangu ikaanza kuondoka. Nyuma yangu akanong'ona tena, haraka: "Ukitoka, niite na mimi. Dada. Niite."

Nikatembezwa. Chumba, korido, chumba. Kila nilipopita, vichwa vya wale wazee viligeuka kidogo tu, kama wanaonusa. Kisha nikasikia kitu kingine huko juu. Pii. Pii. Pii.

Mita ya umeme. Tokeni zilikuwa zinakwisha.

"Aa, marafiki, stima itanikatikia," Kahaso akasema. "Nafikiri nizime mapema, tuendelee Jumamosi ijayo. Ila mmeuona. Mchezo huu haukutendewa haki."

Nikasimama katikati ya chumba, mkono mmoja juu, kama alivyoniacha. Nikamsikia akiinuka kwenye kiti. Nikaona kona za chumba zinaingia giza. Moja. Ya pili. Ukuta ulio mbele yangu ukanisogelea.

"Ngoja. Kuna kitufe hiki sijakigusa."

Taya likafunguka.

"Usizime, mwehu wewe!" nikapiga kelele.

Kahaso akacheka kwa furaha. "Mmemsikia? Aliyetia sauti ni hodari! Na kumbe wanasema Kiswahi—"



Pii. Pii.

Akabonyeza tena, taratibu.

"Kunde zinaungua!" nikasema. Ndilo lililonijia, na lilikuwa kweli. Harufu ilikuwa inanifikia hata mle ndani.

Nikasikia kiti kikianguka. Nikasikia miguu yake ikikimbia jikoni, kisha akiutikisa mwili wangu niliouacha huko. "Hawe! Hawe weee!" Kila alipoita nilijaribu kuitika, na kila nilipojaribu mdomo ulikuwa umeshonwa. Ukuta ukanigusa pua. Ulikuwa na joto, kama ngozi.

Akarudi. Alikuwa anahema. Akabonyeza.

"Niite jina langu."

"Hawe?"

Mdomo umefungwa. Bonyeza, mtoto. Bonyeza. Akabonyeza.

"Si hilo! Jina langu!"

"Siwezi, Hawe," akanong'ona akilia. "Nitakukosea adabu."

Akabonyeza.

"Adabu yako nitaila huku ukutani? Niite, mbwa wewe!"

Pii, pii, pii, bila kupumzika.

"Kahaso," akasema. Kisha akapiga kelele: "Kahaso!"

"Abee!" nikaitika.

Na nyuma yangu, karibu sana na shingo, mwingine akaitika pamoja nami. "Abee."

Stima ikakatika. Nikajikuta nimekaa chini jikoni kando ya mbuzi, nazi mkononi. Kahaso alikuja akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama, akanitazama. Nilimwambia aepue sufuria kabla haijatoboka.

Sidi tuliichoma kwenye shimo la taka jioni hiyo. Nilidhani yamekwisha, ila kulikuwa na yule mzee. Mimi si mtu wa huruma. Lakini aliniambia njia kabla hajaniomba chochote, na nisingelala nikijua amesimama pale.

Jumapili, badala ya kwenda kanisani, nikapanda gari mpaka Malindi, nyumbani kwa Bhavesh. Prabhavati, mke wa Mzee Tribhovan, alinipokea vizuri, akaniletea chai ya tangawizi. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shati jeupe limechomekwa, macho wazi.

"Humu ndani, nani humwita jina lake?" nikauliza.

Prabhavati akaziba mdomo kwa ncha ya sari. "Jina la mume, mama? Hapana!"

"Sisi ni Bapuji tu," Bhavesh akasema. "Kwa nini, mama?"

Niliinama nikamkaribia mzee sikioni.

"Tribhovan!"

Kikombe cha Prabhavati kikaanguka. Bhavesh akasema, "We mama!"

Macho ya mzee yakazunguka, yakanipata. Midomo ikatikisika.

"Abee," akaitika.

Nyumba nzima ikalipuka. Prabhavati alilia kwa sauti, Bhavesh alipiga magoti akambusu mikono, jirani wa juu akateremka mbio. Mgonjwa wa miaka mitatu amesema! Nani angejali kwamba mwanamume ameitika kama mwanamke? Walinishukuru mpaka nikachoka. Mimi nilikuwa nimesimama tu, namtazama, maana hawakuisikia kama mimi nilivyoisikia.

Sauti ilikuwa yangu.

Chai sikuimaliza.

Sasa mzee anatembea. Kahaso ameacha kazi kwa Bhavesh. Siku ile alikuwa anarusha moja kwa moja, kwa hiyo watu wote wale wa kwenye simu waliona, na mpaka leo wanamwandikia wakiuliza mchezo ule unapatikana wapi. Wanausifu. Wanasema ulidharauliwa bure. Miaka yote ulipokaa dukani ukila vumbi, walikuwa wapi?

Wiki iliyopita, saa tano asubuhi, tuktuk ilisimama mlangoni kwangu. Mzee Tribhovan akashuka, peke yake. Hakupiga hodi. Alinipita pale barazani kama unavyopita kiti, akaingia chumbani kwangu moja kwa moja. Nikamfuata. Akapanda kigoda, akapeleka mkono juu ya boriti ya pili, nyuma ya bati, akatoa ufunguo. Akavuta sanduku langu la bati uvunguni mwa kitanda, akalifungua. Kisha akakaa chini na kuzipapasa nguo zilizomo, moja moja.

Bhavesh alifika baada ya nusu saa, jasho linamtoka. "Utusamehe, mama. Akili yake bado haijakaa sawa." Akamchukua. Mzee alipofika mlangoni aligeuka akaitazama nyumba, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayemtazama mpangaji asiyetaka kuhama.

Ufunguo ule nilikuwa nautafuta tangu Jumamosi ya mchezo. Tulipekua kila mahali, mimi na Kahaso. "Hawe, uliuweka wapi?" aliniuliza, nami sikujua. Nikamwambia ni uzee. Hata sasa nasema ni uzee.

Alipoondoka nilizitoa nguo zote sandukuni, nikazijaribu. Gauni za kanisani, blauzi, hata ile niliyovaa matangani kwa mume wangu. Hakuna hata moja inayonienea.