Kisu Kisichohitaji Ukucha

Kisu cha kumi na mbili kilikuwa wazi. Kabati lilikuwa limefungwa, ufunguo uko shingoni mwa mwenyewe, na nje, kama kila siku saa tisa huku Roret, mvua ilikuwa imeanza.

"Tecla, nani ameshika visu zangu?"

"Nani ana haja na hizo vyuma, baba Joan?" mkewe akajibu kutoka jikoni. "Hata kitunguu hazikati."

Robert Kipkosgei alikuwa nyapara wa shamba la chai, na tangu astaafu alijiita mkusanyaji. Alikusanya visu vya kukunja vya zamani, vya aina moja tu: vile ambavyo mpini umechongwa pengo, ili ubane makali kwa vidole viwili na kuyafungua bila ukucha. Hakuna mgeni aliyeonja chai kabla ya kuhutubiwa juu ya pengo hilo. Visu ishirini na tatu vililala juu ya kitambaa cha kijani, kila kimoja na historia yake ndefu. Cha kumi na mbili tu ndicho alichokiruka: "Hiki niliokota."

Hakukiokota. Kilikuwa cha Bogonko, mfanyakazi kutoka Kisii, ambaye mashine ya kuvuna chai ilimng'oa ukucha wa kidole gumba, nao ukakataa kuota tena. Bogonko akachukua tupa, akajichongea pengo. Mwaka uliofuata majani yalikwama kwenye mashine, na Kipkosgei akamwamuru aingize mkono bila kuizima, maana kuizima ni kuchelewesha lori. Safari hii mashine haikuchukua ukucha tu. Bogonko alikufa kabla gari halijafika, na ripoti ya nyapara ikasema alikuwa amelewa. Jioni hiyo nyapara alikitoa kisu katika koti la marehemu. Mjane, Nyabate, alipouliza, "Na kisu yake, mzee? Hiyo ndiyo alikuwa anapenda," aliambiwa hakikuonekana.

Kipkosgei alikifunga kisu. Kesho yake, saa tisa, viwili vilikuwa wazi. Siku ya tatu, saba, na sebule ikanuka majani mabichi ya chai, madirisha yakiwa yamefungwa.

Wiki hiyo binti yao Joan alirudi kutoka hospitali ya Longisa na mtoto mchanga wa kiume. Ni familia ya kanisa, ubatizo ulishapangwa, lakini huku hakuna Mkristo anayemwacha mtoto bila jina la marehemu. Kina mama wazee humgusisha ugoro puani, huwaita wafu wa ukoo mmoja mmoja, na yule ambaye mtoto atapiga chafya akitajwa, ndiye aliyerudi.

Chepkemboi, dada mkubwa wa Kipkosgei, aliita mababu wote. Mtoto kimya. Akaita wajomba, hata yule aliyeiba ng'ombe. Kimya. Mvua ikaanza.

Tik.

"Ni nini hiyo, senge?" Joan akamnong'oneza shangazi yake.

Nyuma ya kioo cha kabati, mchana mweupe, mbele ya macho yao wote, makali yakaanza kuinuka moja baada ya jingine, polepole, kana kwamba yanabanwa na vidole viwili visivyoonekana, na harufu ya majani mabichi ikajaa chumba mpaka ikawashika koo, na ndani yake mlikuwa na harufu nyingine, ya chuma chenye damu, ambayo Kipkosgei peke yake aliijua, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyesimama kando ya mashine siku ile. Midomo ya mtoto ikaanza kugeuka buluu.

"Robert," Chepkemboi akasema chini chini, bila kumtazama. "Kuna mtu umetuficha. Mtaje, huyu mtoto hapumui."

"Si mtu wetu, dada. Ni Mkisii."

"Nimekuuliza kabila?"

"Bogonko," akasema.

Mtoto akapiga chafya, akavuta pumzi. Visu vyote vikajifunga kwa mpigo mmoja.

Kipkosgei akacheka kama mtu aliyesamehewa. "Kesho nampelekea Nyabate kisu yake," akaahidi, akainama kumsalimia mjukuu.

Chepkemboi alikuwa akiugeuzageuza mkono wa kulia wa mtoto. Joan aliapa kwamba asubuhi alikuwa na kucha zote kumi. Sasa kidole gumba kilikuwa laini mpaka nchani.

Mtoto akafumbua macho. Akanyoosha mkono ule, akakipata kidole gumba cha babu yake, akaubana ukucha kwa vidole viwili, akavuta.

Tik.