Puto Lililofungwa Chini

— Hili puto mlilipandisha mpaka wapi?

Mpimaji alicheka, akaendelea kumenya chungwa. Mchumba wake, mpiga picha wa halmashauri, hakucheka. Alikuwa kasimama mlangoni, kamera bado shingoni.

— Mpaka juu, mpenzi. Si ulikuwepo?

Alikuwepo, tena ndiyo maana aliuliza. Kampuni ya mpimaji ilitaka kujenga ghorofa ishirini mbele ya stesheni, na mji ule ulikuwa na sharti moja: ukisimama kwenye ngazi za stesheni, lazima uuone mnara wa saa. Kwa hiyo kabla ya kibali, kampuni hupandisha puto jekundu hadi pale jengo litakapoishia, na yeye hulipiga picha akiwa ngazini. Picha zake zilionyesha puto chini ya saa. Mnara salama, kila mtu kachekelea.

— Njoo uone hii.

Ilikuwa selfi yao ya siku ile ile, wamekumbatiana, meno yote nje. Nyuma yao puto lilikuwa limelingana na paa la hoteli inayopakana na kiwanja.

— Hoteli ina ghorofa kumi. Jengo lenu ishirini. Hebu nieleze, maana mimi hesabu zilinipiga chenga tangu shule.

Mpimaji aliweka kisu chini.

— Bosi ndiye aliyetaka kamba ifupishwe.

— Na aliyeifunga?

— Mimi. Lakini nisikilize! Harusi ni mwezi ujao, nikifukuzwa kazi tutaoanaje? Na mnara wenyewe mkuukuu, saa yenyewe inachelewa. Nani ataulilia?

— Jina langu liko chini ya zile picha! Yaani ulinibusu pale ngazini huku unajua umenifanya muongo?

— Kesho kwenye kikao cha kibali usiseme kitu. Nakuomba. Kama unanipenda, nyamaza.

Asubuhi simu ilifurika ujumbe. “Mpenzi, tafadhali.” “Nitaadhirika.” “Wafikirie watoto wetu.” Watoto wenyewe hata mimba hakuna, huyo naye!

Ukumbi ulijaa wakazi mpaka mlangoni. Mwenyekiti alipomwita, alikwenda mbele. Alimpenda yule mwanamume, jamani, alimpenda mpaka basi.

— Picha ni za kweli, mwenyekiti. Puto ndilo lililodanganya. Lilifungwa nusu ya urefu wa jengo.

Watu wakapiga kelele. Mwenyekiti akagonga meza.

— Nani alilifunga?

Akafungua mdomo, akashindwa kulitaja jina. Machozi yakamtoka mbele za watu. Ndipo kiti kikaburuzwa huko nyuma, na mpimaji akasimama.

— Ni mimi, mwenyekiti.

Kibali kikazuiwa pale pale. Nje, mpimaji alimkimbilia akihema, uso umemng'aa.

— Umeniona? Nimesimama kwa ajili yako!

— Nimekuona. Kama ningenyamaza, ungesimama?

Mpimaji akavuta pumzi ajibu. Kisha akaviangalia viatu vyake.

Msichana wa watu alisubiri. Alitamani hata uongo mtamu, mmoja tu, aushike aende nao nyumbani. Haukuja. Akatoa simu.

— Mama, shikamoo. Mwambie fundi asiendelee na gauni… Hapana, mama, siumwi. Nakuja.