Besi ya Handakini

Anayetaka kujua kama haya ni kweli asiniulize mimi. Aende Kiboriloni, nyuma ya soko, aulize nyumba ya prodyuza asiye na spika. Ataonyeshwa. Ila akifika asibishe hodi kwa nguvu.

Ilianza Jumanne moja ya Januari, saa nne asubuhi. Beatha alikuwa anaanua nepi kwenye kamba. Alipogeuka alimwona mwanawe Anyesi, mtoto wa miezi minane, amekaa mkekani analia. Uso umekunjamana, machozi yanatiririka, kinywa kimefunguka hadi fizi zinaonekana. Sauti hakuna.

Beatha alidhani ni masikio yake. Lakini alisikia kuku, akasikia mchi wa jirani kwenye kinu. Mtoto tu ndiye hakumsikia. Kisha sauti ikaja, ikazibwa, ikaja, ikazibwa, namna ile watoto wanavyocheza kwa kupigapiga kiganja mdomoni. Mikono ya Anyesi ilikuwa imeshika mkeka, yote miwili.

"Baba Anyesi! Njoo umwone mtoto!"

Mumewe hakusikia. Alikuwa ndani, hedifoni masikioni, anasikiliza kitu kilekile.

Huyu mume ni Wenseslaus, ambaye mjini walimwita Wense. Kazi yake ilikuwa kutengeneza muziki wa kompyuta, ule ambao roho yake ni besi inayoyumba: noti moja nene ya chini isiyotulia, inafunguka na kufumba, wau-wau-wau, mpaka kifua cha msikilizaji kinatikisika. Kuipata si uchawi. Unachukua noti bapa, isiyoyumba, unaiwekea kichujio cha kuizuia, halafu unakiamuru kichujio kifunguke na kufunga, mara mbili, mara nne, mara nane kwa kila pigo. Mwenye kompyuta yeyote anaweza, na shida ndiyo hiyo. Wote wameshaweza. Sauti ni zilezile, wamezipakua mahali palepale, na kila mmoja anaapa kwamba yake ni mpya.

"Kaka, besi ni kali," mwimbaji wake Crispin alimwambia siku moja, "ila nimeisikia kwa watu kumi. Mtu akifumba macho hajui ni ya nani."

Neno hilo lilimwingia Wense likakaa. Kwa miaka miwili baada ya hapo alitengeneza biti bila kuhisi chochote, kama mtu anayekula ugali kwa kuwa ni saa ya kula. Mtoto alizaliwa, akampakata, akasema ni mzuri. Alijua ni mzuri. Hakuhisi.

Kisha ikaja Desemba, na Mchagga hata awe wapi, Desemba ana njia moja tu. Wense na familia yake walipanda Kilema, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, kilichotunzwa na shangazi yake Hilaria, bibi wa miaka themanini na ushee. Nyuma ya migomba ya kihamba hicho kuna handaki. Wazee walilichimba zamani za vita vya mamangi, wale machifu wa mlimani, wajifiche humo na ng'ombe wao adui akija. Sheria ya pale ni moja, na watoto wa ukoo huijua kabla ya sala ya Baba Yetu: ukipita mdomoni mwa handaki unanyamaza, na mtoto anayelia hapitishwi hapo. Ukiuliza sababu unapewa ndizi.

Siku ya pili ya Krismasi, wakati ukoo mzima uko kwenye nyama, Wense alienda handakini na spika ndogo ya betri na kinasa sauti. Wazo lake lilikuwa zuri, tusimpunje. Angeituma noti bapa ndani ya shimo, anase kile kitakachorudi. Spika kama zake zimejaa duniani, lakini lile handaki hakuna mwingine aliye nalo.

Na kwa kuwa alilelewa vizuri, alikumbuka adabu. Alikata jani la sale, ule mmea wa mpakani, akaliweka mdomoni mwa handaki. Sale ndiyo msamaha wetu huku mlimani. Ukimkosea mtu ukamwendea na jani hilo, hata awe na hasira ya namna gani, hawezi kukukatalia. Wense aliona ametanguliza msamaha, basi afanye kazi yake kwa amani.

Akaituma noti. Moja, bapa, iliyonyooka, sekunde thelathini.

Iliyorudi ilikuwa inayumba. Ilifunguka, ikafumba, ikafunguka, ikafumba, wala si kwa mwendo wa mashine. Kila ilipofunguka palikuwa na kitu chembamba ndani yake kinachotaka kutoka, na kila ilipofumba kilikatwa. Harufu ya moshi wa kuni na samadi mbichi ikapanda kutoka chini, mahali ambapo ng'ombe hajaingia miaka mia. Vinyweleo vya mkono vikamsimama Wense. Akavitazama, akashusha mkono wa shati. Hakuogopa. Angeogopa, labda angeacha. Aliwaza jambo moja tu: hii hakuna mwingine aliye nayo.

Mwaka mpya ulipoingia, wimbo ulikuwa umeshatoka, Crispin ameuimba, na kufikia katikati ya Januari hapakuwa na bodaboda mjini Moshi isiyoupiga. Watu walisema, hii ni ya Wense, ukisikia tu unajua. Siku alipolisikia hilo kwa masikio yake, akiwa amesimama sokoni na mfuko wa nyanya, alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili, na furaha ilimuuma kama mguu uliokufa ganzi ukianza kupata damu.

Sasa turudi kwa mtoto. Hospitali walimpima, wakasema koo safi, mapafu safi. Anyesi aliendelea kulia bila sauti. Nyumba ilianza kunuka moshi na samadi. Beatha akapiga deki kwa sabuni, akatoa magodoro juani, lakini harufu haikutoka. Mama Doris, yule jirani wa kinu, alisogea ukutani akamnong'oneza, "Mwenzangu, hilo ni jini. Mumeo kaleta jini la muziki." Beatha akacheka kidogo, kisha akaacha.

Ijumaa mchana, jua limewaka uwanjani na Beatha yuko bombani, Wense alivua hedifoni ili apumzike, akazima kompyuta, akachomoa hata waya ukutani, na besi ikaendelea. Haikutoka kwenye spika. Ilitoka nyuma yake, kwa chini, kitandani, ikifunguka na kufumba polepole, na harufu ya moshi ikazidi hadi macho yakamwasha, naye akageuka kidogo kidogo, akijiambia kwamba ni friji la jirani, kwamba ni mashine ya kusaga kule barabarani, mpaka akamwona mwanawe amelala chali, macho yameiva kwa kulia, kinywa kinafunguka na kuzibwa, kinafunguka na kuzibwa, na mashavuni, kwenye ile nyama laini, vimebonyea vishimo vinne upande mmoja na kimoja upande wa pili, vikibonyea na kurudi, vikibonyea na kurudi, kama vidole vya mtu mzima ambaye hayupo.

Beatha alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Aliitua taratibu.

"Umeleta nini kwenye nyumba hii?" alinong'ona.

Wense akamwambia yote. Alijisikia akiyasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia ya kwenda posta.

Kesho yake asubuhi walikuwa Kilema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mlete huyo mtoto." Hilaria alimpokea Anyesi, akamgeuza shavu hili, akamgeuza la pili, akavipapasa vile vishimo kwa kidole gumba. Hakushtuka. Alichoka ghafla, akakaa kwenye kigoda.

"Jirani anasema ni jini," Beatha alisema.

"Majini ni ya Pwani, mwanangu. Sisi huku tuna watu wetu." Akamtazama Wense. "Uliingia kwa yule mama?"

"Mama yupi?"

"Hamkuambiwa kwa sababu mlikuwa watoto. Sasa wewe ni baba, sikiliza." Aliishusha sauti, ingawa walikuwa watatu tu na mtoto. "Adui walikuwa juu hapo, kwenye migomba. Ukoo mzima uko chini, na ng'ombe. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mama yake akamziba mdomo. Akifungua apate pumzi, mtoto analia. Anaziba. Anafungua, anaziba. Watu wote wakapona, ndio sisi hawa. Mtoto hakupona. Na mama hakutoka. Yupo mpaka leo, anasikiliza kama adui wameondoka. Ndiyo maana tukipita tunanyamaza, ili ajue kumetulia, auondoe mkono. Wewe ukampelekea ngurumo, akadhani adui wamerudi, nawe ukaondoka na mkono wake hadi nyumbani."

Wense alijitetea. "Niliweka sale, shangazi. Niliweka kabla."

"Kabla!" Bibi alifumba macho. "Mae! Sale hailetwi kabla ya kosa, baba. Hiyo si kuomba msamaha, hiyo ni kuwaambia walio chini kwamba unakuja kukosa. Na ulikuja, ukakosa. Jani lako limekwisha, hata ukate shamba zima hawatalipokea. Atalipeleka mke wako. Yeye hana kosa."

Saa sita, jua liko utosini, walisimama mbele ya handaki. Beatha alishika jani la sale na kibuyu cha maziwa. Wense alibeba kinasa sauti na kile kisanduku cha kompyuta kilichohifadhi kazi zake zote. Hilaria alimshika mkono kabla hajaviingiza.

"Kilichotoka kwake kinarudi chote. Kuna kingine kimebaki mahali?"

Wense aliwaza simu ya Crispin. Aliwaza bodaboda. Aliwaza wale wasiomjua, Arusha na Dar, walioanza kuikata besi yake na kuibandika kwenye biti zao, kama yeye alivyokuwa akifanya kwa wengine. Angeyasema hayo, wimbo ungetafutwa na kufutwa, naye angerudi kuwa mtu asiyejulikana mtu akifumba macho. Akajiambia kwamba mali ni hii aliyoishika, na huko nje ni vivuli.

"Hapana, shangazi. Ni hivi tu."

Bibi alimtazama machoni. Kisha akauachia mkono, naye Wense akaviingiza shimoni.

Beatha alipiga magoti, akaweka jani, akamimina maziwa. Hakusema neno, kama alivyoelekezwa. Walisimama kimya mpaka wakasikia maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, upande wa pili wa kihamba. Harufu ya moshi ilipungua, ikapungua, ikabaki ile ya majani ya migomba tu. Ndipo Anyesi, mgongoni mwa mama yake, akavuta pumzi akalia. Alilia kwa sauti nene, mbaya, iliyonyooka, sauti ya mtoto mwenye njaa na hasira.

Beatha alicheka na kulia kwa pamoja. Hilaria akafanya ishara ya msalaba. "Aika, Ruwa," alimshukuru Mungu kwa Kichagga. Na Wense, aliyekuwa haamini kwamba bado anayo machozi, alilia pia. Alimpenda yule mtoto. Alilihisi jambo hilo zima, kifuani, mahali ambapo alizoea kuhisi besi.

Walirudi Kiboriloni saa kumi, soko limechangamka. Anyesi alilia njia nzima kwa kunogewa, na hakuna aliyemnyamazisha. Walipopita kwa muuza spika, yule anayepanga bidhaa zake mpaka barabarani, wimbo ukaanza.

Sauti ya mtoto ikakatika.

Beatha alimgeuza kutoka mgongoni, akamtazama, akakimbilia kwenye kibanda. "Kaka, zima! Nakuomba, zima!"

Muuza spika alishangaa, akazima. Kilio kikarudi palepale, na Beatha akakaa chini kwenye vumbi, mtoto kifuani.

"Pole, mama," alisema muuza spika. "Ila huo ndio wimbo wa mjini sasa. Nikizima hapa, utausikia pale."

Beatha aliinua macho kwa mumewe. "Ulimwambia shangazi ni hivyo tu," alinong'ona.

Wense aligeuza kichwa, kwa kuwa ng'ambo ya barabara kibanda kingine kilikuwa kimefungulia, na huo haukuwa wimbo wake. Besi tu ndiyo ilikuwa yake. Mtu fulani asiyemjua ameichukua, naye, ili isifanane na ya Wense, ameiongeza kasi. Wense aliyajua mapigo hayo bila kuhesabu, lakini alihesabu, mara nane kwa pigo, huku akitazama vile vishimo vitano vikibonyea kwenye mashavu ya Anyesi, vikirudi, vikibonyea, upesi mno, bila nafasi katikati ya mtoto kuvuta pumzi.