Kidole Gumba cha Wifi

Watu walimwita Mama Funika, na jina hilo alilipata kwa kazi yake. Sebule yake ndiyo iliyokuwa saluni yake. Kochi lilisukumwa ukutani. Mbele ya dirisha palikuwa na meza ndogo, taa ya kukaushia rangi, beseni la kulowekea miguu na kopo la biskuti lililojaa vifaa. Asubuhi, watoto wakishakwenda shule na mumewe, fundi wa kupaka rangi nyumba, akishabeba ndoo zake, yeye alitandika taulo mezani na kungoja hodi ya kwanza.

Hakungoja sana. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Ukija na kucha iliyopasuka, aliifunika kwa kucha ya bandia. Ukija na kucha yenye doa, aliifunika kwa rangi iliyokoza. "Nifunike wapi leo?" ndiyo iliyokuwa salamu yake. Na mteja akitoka nje, wenzake walimwambia, "Leo umefunika, umetupita wote!" Basi jina likamkaa.

Usafi je? Alijiona msafi kuliko wote mtaani. Sakafu ilifagiwa mara tatu kwa siku. Na kila alipomaliza mteja mmoja, alichovya pamba kwenye asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, akafuta mkasi wake harakaharaka, akaita, "Mwingine!" Asetoni ina harufu kali, inapanda mpaka utosini. Yeye aliamini kwamba kitu kinachochoma pua namna ile hakiwezi kumwacha kijidudu hai. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Alijifundisha mwenyewe, na alijifundisha vibaya.

Jumamosi moja wateja walikuwa wengi. Muuza mitumba alikuwa kwenye kiti, anatengenezwa kucha za miguu. Mkasi ukamkata. Damu ikatoka tone moja. Pamba, asetoni, kazi imekwisha. Muuza mitumba alipoinuka, akaingia wifi yake Mama Funika.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa fundi cherehani. Siku hizo alikuwa anashona mashati ya wahudumu wa hoteli, mafungu kwa mafungu, na mwenye kazi, mama mmoja, alikuwa anampigia simu kila siku kumharakisha.

"Wifi, niangalie hiki kidole gumba," alisema. "Kucha imeachia pembeni. Na humo chini naona kitu cha kijani."

Mama Funika akaisogeza taa. Kweli, chini ya kucha palikuwa na doa la kijani, dogo kama punje ya dengu.

"Kinauma?"

"Kidogo, nikikibonyeza. Au niende zahanati?"

"Zahanati ukapange foleni kwa ajili ya kucha? Wifi nawe! Nitakifunika, hata mwenyewe utakisahau."

Akachukua mkasi uleule. Akakata kijingozi kwenye shina la kucha. Akapaka gundi, akabandika kucha ya bandia, akaipaka rangi nyekundu. Kidole kikapendeza. Wifi akaondoka anacheka.

Jumatano simu ikalia.

"Wifi, njoo," sauti ilisema. "Siwezi kushika sindano."

Mama Funika alimwacha mteja na mkono mmoja una rangi, mwingine hauna. Alifika anahema. Wifi alikuwa amekaa kando ya cherehani, mkono ameuinua juu. Kidole kilikuwa kimevimba, kinang'aa, na usaha ulikuwa unatokea pembeni mwa ile kucha nyekundu. Mashati yalikuwa yamelala kwenye meza bila mikono.

"Labda ni sindano ya cherehani imekuchoma," alisema, na aliposema hivyo tu, alijua anatafuta pa kujificha.

"Labda," alisema wifi. Alikuwa amechoka kwa maumivu.

Kwenye benchi la zahanati Mama Funika hakukalika. Aliinuka, akasoma karatasi za ukutani, akakaa, akainuka tena. Aliuhesabu mstari wa watu waliokuwa mbele yao, akauhesabu tena kutoka nyuma.

"Kaa basi, unanitia kizunguzungu," wifi alimwambia.

Walipoingia, daktari alikitazama kidole kwa muda mrefu. "Uliumiaje, mama?"

"Nilijichoma na sindano ya cherehani," wifi alijibu haraka. Alimtupia Mama Funika jicho moja, lile jicho la kumwambia mtu nyamaza, nimekusitiri.

Tuseme ukweli: moyo wa Mama Funika ulipoa. Kwa muda mfupi alifurahi. Daktari akachukua kalamu, akaanza kuandika. Ndipo lile tone la damu ya muuza mitumba likamjia Mama Funika akilini, na furaha yote ikamtoka.

"Daktari, si sindano," alisema. Sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake. "Ni mimi. Kucha yake ilikuwa na kijani, nikaifunika. Nilimkata ngozi na mkasi wangu."

"Mkasi huo ulikuwa umemkata mtu mwingine kabla yake?"

Wifi aligeuka kumtazama.

"Ndiyo. Asubuhi hiyohiyo. Alitoka damu kidogo."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakufoka. "Umefanya vizuri kusema," alisema. "Kidole nitakitibu, nitoe usaha na nimpe dawa. Lakini magonjwa mengine hupita kwenye damu. Virusi vya homa ya ini vinaweza kukaa hai hata kwenye damu iliyokwisha kukauka. Virusi vya Ukimwi pia hupita kwenye damu. Tutampima leo, tutamchanja chanjo ya homa ya ini, na atarudi kupimwa tena kwa tarehe nitakazomwandikia. Ya mwisho ni baada ya miezi sita. Na huyo mwingine naye umwambie aje."

Kucha ya bandia ilitolewa. Nusu ya kucha yake mwenyewe ilitoka nayo. Wifi aliuma meno, hakulia. Nje, akiwa ameushika mkono wenye bandeji kifuani, alisimama.

"Nilikuuliza kama niende zahanati," alisema. "Nilikuuliza, wifi."

Wifi akatangulia peke yake. Mashati ya hoteli alipewa fundi mwingine wiki hiyohiyo.

Kumwambia muuza mitumba nako kulikuwa shughuli. Alimfokea mbele ya watu, nguo mkononi, kisha akaenda kupima. Wakati huo hakuna majibu yoyote yaliyokuwa yametoka. Jioni mume wa Mama Funika alisikia yote, akawa anachokonoa rangi iliyokauka kwenye vidole vyake.

"Ukuta wenye unyevu mimi siupaki rangi," alisema mwishowe. "Nauacha ukauke kwanza, hata mwenye nyumba akinuna."

"Mbona hukuniambia hivyo zamani?"

"Nilidhani kucha si ukuta."

Asubuhi yake Mama Funika alifunga mlango. Wateja walibisha hodi, akajifanya hayupo. Alimwaga vifaa vyote vya kopo mezani akaanza kuvifuta kwa asetoni. Alifuta mikasi, tupa za kusugulia kucha, taa, meza, miguu ya meza. Alipomaliza alianza upya. Hakuweza kukaa. Kila akikaa, alikiona kile kidole. Harufu ilijaa sebule, ikapita chini ya mlango, ikapanda ngazi.

Hodi ikagongwa kwa nguvu. Alikuwa nesi wa ghorofani, jirani yake, aliyekuwa anajiandaa kwenda zamu.

"Jirani! Unaipaka rangi nyumba nzima?"

Kisha nesi akaona jiko la gesi pale kwenye kona, linawaka, birika limewekwa juu. Alipita ndani mbio, akalizima. Akafungua dirisha, akafungua na mlango.

"Sasa tunaweza kusalimiana. Jirani, mvuke wa asetoni hauonekani, lakini unashika moto kwa mbali. Tungekuja kukuokota vipande vipande."

"Naua vijidudu," alisema Mama Funika, na palepale akaangua kilio. Akamwaga yote: doa la kijani, mkasi, daktari, wifi aliyetangulia peke yake.

Nesi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha aliokota pamba mezani.

"Hii inaondoa rangi," alisema. "Vijidudu havijapakwa rangi, jirani yangu."

Mama Funika alicheka huku machozi yanamtiririka.

"Basi nifanyeje? Nifunge kazi?"

"Ufunge kwa nini? Osha mikono nikuonyeshe. Lete mkasi, sabuni na mswaki wa zamani." Nesi aliupanua mkasi. "Ona hapa kwenye maungio. Unaona huu weusi? Usipousugua ukatoka, vijidudu vinajibanza humo. Sugua, suuza. Sasa lete sufuria."

"Hii ya uji?"

"Ya uji ibaki ya uji! Tafuta ya kazi hii tu. Panga vifaa vya chuma vikiwa vimefunguliwa, maji yavifunike vyote."

"Nivifunike?"

"Hapo ndipo ufunike, jirani, ruksa! Yakianza kutokota ndipo uanze kuhesabu. Dakika ishirini. Ukitupia kifaa kingine katikati, unaanza upya. Ukiepua, vikaukie kwenye kitambaa safi, uvitie kwenye chombo safi chenye mfuniko."

"Dakika ishirini! Mteja amenikalia hapo?"

"Si uwe na mikasi mitatu. Mmoja unafanya kazi, mmoja unachemka, mmoja unangoja."

Mama Funika alinyanyua tupa. "Na hizi?"

"Hizo ni karatasi na mchanga, hazitakati. Kila mteja awe na yake, au uitupe. Na kile kijingozi cha kwenye shina usikikate tena. Kisukume taratibu. Ni mlango kile, kinazuia uchafu kuingia ndani. Wewe ulikuwa unang'oa milango ya watu."

"Na kucha ya kijani ndiyo nini hasa?"

"Ni vijidudu vinavyopenda unyevunyevu. Kucha ikiachia, maji yanaingia, vinakaa. Wewe ukaviwekea paa juu. Kuanzia leo, kucha ikiwa ya kijani au nyeusi, imevimba, inauma, au inatoa maji, hiyo si yako. Ni ya zahanati. Ukimkata mtu kwa bahati mbaya, acha kazi, vaa glovu, ubonyeze jeraha kwa pamba safi mpaka damu ikatike, na mkasi huo uende moja kwa moja kuoshwa na kuchemshwa."

Nesi aliondoka mbio, alikuwa amechelewa zamu. Mama Funika alibaki amesimama mbele ya sufuria, anaitazama saa ya ukutani. Dakika ishirini zilikuwa ndefu. Alizimaliza zote.

Kazi ilianza tena polepole. Jiko halikuwashwa asetoni ikiwa wazi, na dirisha halikufungwa. Beseni lilisuguliwa kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu baada ya kila mteja. Wengine walilalamika kwamba siku hizi wanangojeshwa. Siku moja alikuja mwalimu wa chekechea na kucha ya mguu imekuwa nyeusi.

"Nifunikie tu, kesho napigwa picha."

Mikono ilimwasha Mama Funika. Rangi ilikuwa pale pale. Alijua angeifunika ikapendeza.

"Hii siwezi, mwalimu. Uanzie zahanati."

"Kwani wewe siku hizi ni daktari?"

"Hapana. Ndiyo maana."

Mwalimu alisonya, akabeba mkoba wake. Mpaka leo hajarudi.

Majibu ya muuza mitumba yalitoka mazuri. Majibu ya kwanza ya wifi nayo yalitoka mazuri, lakini tarehe nyingine zilikuwa zimebaki, na Mama Funika alizijua kuliko mwenye mkono. Kila tarehe ilipokaribia, roho ilimkaa juu juu. Alimwaga rangi, alisahau chumvi, alipiga deki sehemu moja mara mbili. Alimpelekea wifi chakula, akamfulia, akamkatia nyuzi za nguo alizoshona. Wifi alipokea, akasema asante, na hapo maongezi yakaishia. Kwenye ile saluni ya sebuleni hakukanyaga.

Miezi sita ilipita. Siku ya kipimo cha mwisho Mama Funika alikuwa anamsugua mteja kisigino huku macho yako mlangoni. Ilipofika saa tano, hodi ikapigwa. Alikuwa wifi, karatasi mkononi.

"Safi," alisema. "Yote safi."

Mama Funika alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa. Mteja akabaki na mguu hewani.

Zamu yake ilipofika, wifi alivuta kiti. Aliitazama sufuria iliyokuwa inatokota mlangoni, nje. Akaitazama tupa mpya iliyowekwa mbele yake. Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya taulo, akaitandaza.

"Nipake," alisema. "Nyekundu."

Mama Funika alivishika vidole vyake kimoja kimoja. Alipofika kwenye kidole gumba alikivuta kwenye mwanga wa dirisha. Kucha mpya ilikuwa imeota, ngumu na nzuri. Lakini pembeni, kwenye ncha, palikuwa na sehemu ndogo ambayo bado haijashikamana.

"Hiki hapana," alisema. "Bado kidogo. Kiache kipate hewa, kikauke."

"Wifi, watu watanicheka. Tisa nyekundu na kimoja kitupu?"

"Wacheke. Sipaki."

Wifi alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya benchi akatabasamu. "Haya. Paka tisa."

Kesho yake kwenye cherehani kila mtu alikishangaa kidole kile. Mwenye kazi ya hoteli, aliyekuwa amerudi na fungu jipya la mashati, alishindwa kujizuia.

"Fundi, rangi ilikwisha?"

"Haikwisha," alisema wifi, akipitisha uzi kwenye sindano. "Wifi yangu amenikatalia. Kasema bado hakijapona."

"Mtengeneza kucha aliyekataa kupaka?" Yule mama alivitazama vidole vyake mwenyewe, akaweka fungu la mashati chini. "Huyo wifi yako anakaa wapi?"