Mashine ya Nne Haimo Mkatabani

Mashine ya nne ilikuwa ya moto. Fundi aliweka kiganja juu ya kifuniko chake, akakiondoa, akakirudisha tena. Waya wake ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa mpira, na soketi ya karibu ilikuwa hatua sita kutoka pale.

"Nani ameitumia leo?" aliuliza.

"Hakuna," alisema karani wa masijala. Alikuwa amesimama mlangoni na hakutaka kuvuka kizingiti. "Tangu yule mzee augue, hatuigusi."

Yule mzee alikuwa mjomba wake fundi, na ndiye aliyemfundisha kazi. Mwaka uliopita alichukua mkataba wa kuzihudumia fotokopi hizi tano, ambazo ziliuzwa kwa ofisi zikiwa zimeshachoka kwa matumizi ya watu wengine. Mwezi wa tatu wa mkataba mikono yake yote miwili ilijikunja ikagoma kufunguka. Hospitali walisema ni mishipa. Sasa mkuu wa ofisi alitaka fundi mwingine, na sharti lake lilikuwa moja tu: zote tano kwa mwaka mzima, au aende zake.

Wifi yake fundi, aliyekuwa mshirika wake karakanani, aliutaka mkataba ule.

"Wifi, kazi za kubahatisha zimetuchosha," alisema wakiwa njiani kurudi. "Hapa tutakuwa na pa kwenda kila asubuhi."

"Na kila asubuhi tutaitwa. Rola zimekwisha, gia zimelika. Ukishasaini, ubovu wote ni wako. Halafu ile ya nne siielewi."

Jioni alipita kwa mjomba wake. Alimkuta amekaa kitandani, ngumi mbili zimelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Umeigusa?" mzee aliuliza kabla hata ya salamu.

"Ni ya moto, Mjomba. Na haina umeme."

Mzee alitazama mlango, kisha akateremsha sauti. "Mle ndani kuna jini. Sikukuambia kwa sababu ungenicheka. Kila nilipoifungua alinisemesha. Mwanzo nilidhani ni rola zinakwaruza, kumbe ananiuliza swali lilelile: utanitumikia? Siku moja karatasi zimekwama mara ya tisa, nimechoka, nikasema ndiyo, nitakutumikia, tulia basi. Mimi nilikuwa natania, mwanangu."

"Anataka nini?"

"Mikono. Yeye hana. Iache kazi ile."

Fundi alimfunga mzee vifungo vya shati, kimoja kimoja. Alikumbuka mikono ile ilivyokuwa ikikamata skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Hasira ilimpanda polepole, ikakaa mahali pa woga.

"Kazi nitaichukua," alisema. "Yeye ndiye nisiyemchukua."

Kesho yake alirudi na wifi yake saa saba mchana, wafanyakazi walipokwenda kula. Chumba cha mashine hakikuwa na dirisha.

"Akisema lolote usimwitikie," alimnong'oneza wifi. "Hata akikuita jina lako."

"Wifi, tuondoke."

"Shika mlango tu."

Alipiga goti mbele ya mashine ya nne. Chini ya harufu ya wino wa unga kulikuwa na harufu nyingine, ya nywele zinazoungua. Kisha mashine, ambayo waya wake bado ulikuwa umefungwa kwa mpira, iliwaka yenyewe, na mwanga wa kijani ukapita chini ya kifuniko, ukaenda na kurudi taratibu kama mtu anayetafuta kitu gizani, na karatasi ikatoka, ya moto kama mkate, ikiwa na picha ya mikono yake ingawa hakuwa ameiweka popote, ikafuata ya pili ambayo vidole vilikuwa vimeanza kujikunja, na ya tatu ambayo vilikuwa ngumi kabisa, na alipoangalia vidole vyake halisi aliviona vinaifuata ile picha, kimoja baada ya kingine, wala hakuna aliyevishika.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mjomba wake kutoka ndani ya chuma. "Utanitumikia? Hizo nyingine nne hazitaharibika kamwe. Sema ndiyo."

"Hapana."

"Basi zitaharibika kila siku."

"Ziharibike. Ubovu wa mashine ndio unaonilisha."

Aliufungua mlango wa pembeni wa mashine kwa vidole vitatu vilivyobaki, akaivuta dramu, ile silinda inayobeba picha kabla haijashuka kwenye karatasi. Dramu huishi gizani. Kila fundi akiitoa huifunika kitambaa cheusi, kwa sababu jua likiipiga inakufa. Safari hii hakuifunika. Aliikumbatia kifuani akakimbia nayo ukumbini, nayo ikilia kwa sauti ya mjomba, kisha ya mama yake, kisha ya mtoto asiyemjua, ikizidi kuwa nzito kwa kila hatua, mpaka wifi yake akapita mbele na kuusukuma mlango wa uani kwa bega.

Jua la mchana liliipiga. Ulisikika mpasuko kama rundo la karatasi linalochanwa kwa pamoja. Kisha kimya. Vidole vya fundi vikafunguka vyenyewe.

"Umeniharibia mashine," alisema mkuu wa ofisi aliporudi.

"Imekufa. Nne zilizobaki nazichukua, hiyo siiandikishi." Fundi alipiga mstari juu ya namba nne na kuusukuma mkataba mezani. "La sivyo, tafuta mwingine wa kuzigusa."

Mkuu alimtazama karani. Karani akatazama sakafu. Mkataba ukasainiwa.

Mashine zile nne huharibika karibu kila siku, na fundi huenda. Mkono wa kulia wa mjomba wake umefunguka; anakula mwenyewe. Wa kushoto bado ni ngumi, kana kwamba ile ndiyo ya mzee haijafutika yote. Mara moja moja, fundi akiwa amekaa kitandani anamsimulia mzee habari za kazi, ngumi ile huanza kutembea juu ya shuka, ikienda na kurudi kama inaandika jina. Yeye huikamata kwa mikono yake miwili, akaikandamiza, akaendelea kusimulia habari za gia na rola bila kupunguza sauti, mpaka inachoka.